Mama anawashwa palipochomwa insulini: je, aache dawa?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, yuko Tanga, na kisukari anacho mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa miaka sita amekuwa akijichoma insulini aina ya Mixtard asubuhi na jioni. Wiki tatu zilizopita kliniki walimbadilishia, wakampa insulini nyingine, glajini, uniti 22 kila usiku. Tangu hapo, akichoma panamuunguza, na kesho yake panatoka kivimbe kinachowasha siku mbili tatu ndipo kinaondoka. Kabla ya kuchoma hufuta tumbo kwa pamba yenye dawa ya kuoshea vidonda. Ana pia nundu mbili za zamani chini ya kitovu, laini, ukubwa wa nusu limau. Haziumi kabisa, na kwa kuwa pale hasikii sindano, siku nyingi hurudi hapo hapo. Sukari yake (kwa milimoli kwa lita) haieleweki: leo asubuhi 5, kesho 17. Jirani amemwambia insulini inaozesha nyama, ndiyo maana watu hukatwa miguu. Dada yangu aliyeko Uingereza naye aliwahi kudungwa sindano ya kisukari ya mara moja kwa wiki, akatokwa na vinundu vigumu, kwa hiyo mama anaona ushahidi umekamilika. Anataka kuacha arudi kwenye mlonge. Nimwambie nini?"*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole. Kabla ya maelezo marefu, lililo la haraka: usiku wa leo asiruke dozi. Mtu ambaye kisukari chake kimeshafikia hatua ya kuhitaji insulini akiiacha ghafla, sukari hupanda ndani ya siku chache, na hapo ndipo safari ya wodini inapoanzia. Kivimbe kinachowasha tunaweza kukishughulikia bila haraka.

Swali lako nimelisoma mara mbili, maana mna vivimbe vya aina tatu ndani yake na mama amevifunga kwenye kanga moja. Kuna kinachowasha, kuna nundu za zamani, na kuna vinundu vya dada yako. Havina asili moja. Na kilichonishtua mimi si kile kilichokufanya uandike. Ni zile nundu zisizouma. Mama amekimbia mvua akajikinga kwenye mchirizi.

Nianze na mwasho, kwa kuwa ndio unaomkosesha raha.

Insulini ya kawaida ikiingia chini ya ngozi huisha kazi baada ya saa chache. Ili ikae usiku kucha na mchana wake, watengenezaji hulazimika kuitafutia ujanja wa kuichelewesha, na kila aina ina ujanja wake. Ile Mixtard, sehemu yake kubwa imefungwa na protini iitwayo protamini, ambayo asili yake ni manii ya samaki. Ndiyo maana ni nyeupe kama maji ya mchele. Glajini ni maji maangavu yasiyo na kitu ukiyatazama, ila ndani ya kichupa yametengenezwa yawe na uchachu, kipimo cha pH kama 4 hivi, karibu na maji ya nyanya. Yakifika kwenye nyama ya mwili, ambako hakuna uchachu huo, insulini inaganda papo hapo kuwa chembechembe ndogo mno, kisha chembe hizo zinayeyuka polepole kwa takriban siku nzima. Kwa hiyo kila usiku mama anajiwekea ghala dogo chini ya ngozi. Ule uchachu ndio unaomuunguza dakika ya kwanza. Kuungua huko si mzio, na hakuna kinachooza.

Kivimbe cha kesho yake ni habari nyingine. Hapo kinga ya mwili imegundua kitu kipya na inakilalamikia. Hutokea kwa baadhi ya watu wanaoanza insulini au wanaobadilishiwa, na mara nyingi huisha chenyewe baada ya siku chache hadi wiki chache, dawa ikiendelea vile vile. Mama ana wiki tatu, bado yumo ndani ya kipindi hicho. Tena mzio wa insulini yenyewe si jambo la kawaida. Mara nyingi mkosaji ni kitu kilichofuatana nayo: dawa ya kuzuia bakteria iliyomo kichupani, zinki, au kilichopakwa juu ya ngozi. Dawa ya kuzuia bakteria na zinki zimo pia katika Mixtard, naye ameitumia miaka sita bila neno. Siwezi kuziondoa kabisa kwenye orodha ya washukiwa, lakini si za kwanza.

Mshukiwa wangu wa kwanza umemtaja mwenyewe bila kujua: ile dawa ya kuoshea vidonda. Dawa hizi zimetengenezwa zichanganywe na maji, na zikipakwa kavu kavu kila siku juu ya ngozi ya tumbo huichubua na kuiwasha. Tena sindano ikipita kwenye ngozi ambayo bado imelowa, huingiza kidogo ndani. Mtazame mama kwa makini kesho asubuhi. Mwasho ukiwa duara dogo lililozunguka tundu la sindano, tuishuku dawa iliyochomwa. Ukiwa umetanda kwa upana wa pamba alivyofuta, jibu mmelipata. Kwa vyovyote aache kuitumia. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha, akaushe kwa kitambaa safi. Akitumia spiriti, aiache ikauke kabisa kwanza.

Kuna mambo mengine mawili ninayokutana nayo sana. La kwanza ni baridi. Insulini iliyotoka kwenye friji dakika hiyo hiyo huuma zaidi. Kichupa kilichokwisha funguliwa si lazima kiwe ndani ya friji. Glajini hutumika hadi siku 28 tangu kufunguliwa, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Najua utaniambia nyuzi 30 Tanga mwezi wa Februari ni ndoto. Basi akiweke kwenye mlango wa friji, mbali na barafu, akitoe nusu saa kabla ya kuchoma. Asiye na friji atumie mtungi: kichupa ndani ya chombo kisichopitisha maji, chombo ndani ya mtungi, mtungi kivulini penye upepo. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto walilolipima ndani ya nyumba kwenye kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya. Insulini iliyowekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Sisemi hivyo ili mama akiache kichupa dirishani. Nasema ili asiimwage dawa ya bei kwa hofu eti umeme ulikatika jana mchana.

La pili ni kina. Sindano ikiishia ndani ya ngozi yenyewe, bila kufika kwenye mafuta yaliyo chini, hutokea kijipele cheupe papo hapo, kinaunguza, na baadaye kinawasha. Hiki huwapata hasa wanaojichoma kwa woga, wakiilaza sindano. Sindano fupi ya milimita 4 ya kalamu ya insulini huingia wima, imesimama, bila kubana ngozi. Ya bomba ni ndefu kidogo, milimita 6 au 8, basi abane ngozi kwa vidole viwili, aingize, asukume dawa taratibu, ahesabu hadi kumi ndipo atoe. Na kwa kuwa ametoka kwenye Mixtard, mkumbushe kwamba ile ilihitaji kuviringishwa viganjani hadi ichanganyike, lakini glajini haitaki. Hii ikionekana na ukungu au chembe, imeharibika, aitupe. Wala isichanganywe na insulini nyingine ndani ya bomba moja, maana ule uchachu ndio ujanja wake wote, na ukivurugwa muda wa kufanya kazi unavurugika.

Kuupunguza mwasho wenyewe si kazi kubwa. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, dakika kumi, kinatuliza. Usiku ukizidi, kidonge cha setirizini miligramu 10 kinafaa kwa watu wengi, ila muulize mfamasia kwanza kama mama ana tatizo la figo, kwa sababu kisukari cha miaka mingi na figo ni ndugu. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kutumika siku chache. Zile krimu kali zinazouzwa holela, zinazochanganya steroidi na dawa ya fangasi na antibayotiki, asiziguse. Hupunguza unene wa ngozi, na ngozi ya mwenye kisukari haina cha kupunguza. Asikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa mahali hapo mara baada ya kuchoma. Joto huiharakisha dawa kuingia kwenye damu, na sukari inaweza kuporomoka usiku wa manane.

Sasa nundu.

Insulini ni homoni ya kuweka akiba. Seli ya mafuta ikipata insulini nyingi mahali pamoja, siku baada ya siku, inatii amri: inajaza mafuta, inatanuka. Ongeza majeraha madogo ya sindano mamia kwa mamia, hasa sindano butu iliyorudiwa, na baada ya miezi au miaka unapata kile ulichokieleza: nundu laini ya mafuta, na kovu ndani yake. Ndani humo mishipa ya fahamu imefifia, ndiyo sababu mama hasikii. Si kosa lake. Mtu yeyote mwenye akili angechagua mahali pasipouma, na kusema kweli wengi wetu tunaovaa makoti meupe tunaandika dozi mpya bila kumwambia mgonjwa afunue tumbo tuliguse.

Tatizo ni kwamba ndani ya nundu dawa haina adabu. Damu haipiti vizuri, hivyo leo insulini inanaswa humo haitoki, kesho inatoka yote kwa mkupuo. Hebu soma tena barua yako: leo 5, kesho 17. Siku akichoma pembeni kwenye ngozi nzima, panaunguza lakini dawa inafanya kazi. Siku akirudi kwenye nundu, hasikii kitu, na sukari pia haisikii kitu. Mfanyieni jaribio dogo: kwa siku saba andikeni kila usiku amechoma wapi, na asubuhi sukari ni ngapi. Sitashangaa namba kubwa zikifuata usiku wa nundu. Sitashangaa vilevile ikiwa dozi yake imekuwa ikipandishwa kliniki kwa sababu ya namba hizo hizo, kumbe dawa ilikuwa inamezwa njiani.

Na hapa pana mtego wa kweli, naomba usipite haraka. Dozi iliyopandishwa ili ishinde nundu ni kubwa mno kwa ngozi nzima. Mama akisikia kutoka kwako kwamba nundu ni mbaya, akahamia moja kwa moja ubavuni na uniti zake 22, anaweza kuamka saa tisa usiku amelowa jasho, anatetemeka, au asiamke. Hata mamlaka za dawa za Ulaya mwaka 2020 ziliagiza onyo la namna hii liandikwe kwenye karatasi za insulini zote. Kwa hiyo kesho asubuhi mpigie nesi wa kliniki yake, mwambie maneno haya: "Mama ana nundu za insulini, tunataka kuziacha kabisa, aanze na uniti ngapi?" Mara nyingi tunapunguza kama asilimia 10 hadi 20 ya dozi, kisha tunapanda polepole tukifuata vipimo. Uamuzi huo ni wa anayemjua, anayejua figo zake na anakula nini usiku. Wiki mbili za kwanza apime kabla ya kulala na akiamka. Ikishuka chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika kumi na tano, kisha ale kitu.

Nundu zikipumzishwa, nyingi hunywea zenyewe, ila kwa miezi. Wakati huo achome kwa mpango. Gawanyeni tumbo mafungu manne, kila wiki fungu moja, kila sindano iwe upana wa kidole kutoka ile ya jana, na vidole viwili mbali na kitovu. Fungu lenye nundu lirukwe. Mapaja kwa juu upande wa nje na makalio yanafaa pia. Sindano iwe mpya kila mara. Najua bei. Ikibidi kurudia, iwe ya kwake peke yake, ifunikwe, isifutwe kwa spiriti kwa sababu huondoa utelezi wake na kuzidisha maumivu.

Kuna nundu adimu zaidi zinazofanana na hizi lakini ni ngumu, zimejengwa na insulini yenyewe iliyoganda kuwa nyuzi za protini. Zile hazinywei kirahisi. Za mama umesema laini, kwa hiyo sidhani, ila ndiyo sababu nataka daktari aziguse kwa vidole, mama akiwa amesimama kisha amelala. Picha haitoshi.

Dada yako ni kisa cha mbali kabisa. Kwa maelezo yako nahisi alikuwa kwenye eksenatidi ya wiki, iliyouzwa kwa jina la Bydureon na kuidhinishwa Ulaya mwaka 2011. Ile si insulini. Ujanja wake wa kukaa muda mrefu ni kufungwa ndani ya vijipira vidogo vya polima, jamii ile ile ya nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe. Mwili huvizungushia seli za ulinzi hadi viishe, na ndicho kinundu kigumu kama punje ya mbaazi alichokigusa. Kwa kawaida hupotea baada ya wiki kadhaa. Sindano nyingi za wiki zinazotumika siku hizi, semaglutidi, dulaglutidi na tirzepatidi, hazina vijipira hivyo. Zinaweza kuleta wekundu au mwasho kidogo, basi. Ushahidi wa dada hauna mahali katika kesi ya mama.

Na jirani? Simlaumu. Ameona watu wameanzishiwa insulini, na baada ya mwaka mguu umekatwa, akaunganisha. Lakini kinachokula mguu ni sukari iliyokaa juu miaka mingi: inaua mishipa ya fahamu hadi mtu hasikii msumari kiatuni, inaziba mishipa ya damu, na kidonda kinakataa kupona. Insulini mara nyingi inaitwa ikiwa imechelewa, kisha inabebeshwa lawama za aliyetangulia. Hofu hiyo ina chembe ya historia, nikiri. Tarehe 11 Januari 1922, kijana aitwaye Leonard Thompson alichomwa dawa iliyotokana na kongosho la ng'ombe kule Toronto, akapata jipu palipochomwa, na sukari ilishuka kidogo tu. Haikuwa safi. Hawakuiacha, waliisafisha, wakamchoma tena tarehe 23, na safari hii ilifanya kazi. Glajini ya mama imetengenezwa na vijidudu, bakteria au hamira, maabara na kuchujwa kwa kiwango ambacho watu wale hawangekiota.

Mlonge aendelee kuula kama mboga. Kuuweka mahali pa insulini, hapana.

Sasa, ikiwa mwezi umepita, dawa ya vidonda imeachwa, kina na baridi vimerekebishwa, na bado kinawasha kila sindano? Hapo kuna njia. Anaweza kuhamia insulini nyingine ya muda mrefu, kwa mfano degludeki, ambayo ujanja wake hautumii uchachu, lakini bei yake ni ya juu na si kila duka la dawa linayo. Anaweza kurudi Mixtard aliyoizoea, na mimi sioni aibu hapo: sukari iliyotulia kwa dawa ya zamani ni bora kuliko dawa mpya isiyochomwa. Atapoteza urahisi wa sindano moja kwa siku, na atalazimika kula kwa saa. Ikiwa kila insulini inamletea hivyo, ndipo apewe rufaa kwa wataalamu wa mzio au wa ngozi. Kutoka Tanga, kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, hakiko mbali sana.

Yapo ambayo hayangoji kliniki. Midomo, ulimi au uso kuvimba, pumzi kubana, vipele kuenea mwili mzima, kizunguzungu dakika chache baada ya sindano: hospitali saa hiyo hiyo. Kivimbe chenye joto, kinachouma zaidi kila siku, chenye usaha au kinachoambatana na homa, hicho ni maambukizi na kinahitaji daktari siku hiyo hiyo. Vitabu vingi vitakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, huonekana kama zambarau au weusi uliozidi, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja chako kupima joto ukilinganisha na upande wa pili wa tumbo. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu. Ukivuka mstari baada ya saa chache, ondokeni. Na sukari ikikaa juu ya 15 huku anatapika, msisubiri asubuhi.

Siku ya kliniki mama aende na kichupa chake, bomba analotumia na lile daftari la siku saba. Avae kanga na blauzi inayopandishwa kirahisi. Daktari akiandika dozi bila kuligusa tumbo, amwambie kwa heshima: "Mwanangu, hebu nishike hapa kwanza."